Kilio katika Nyumba Yenye Bendera

Wamama wa kwaya, tangu nirudi mnanishika mkono mlangoni mwa kanisa na swali ni hilo hilo: "Maman Charlotte, Mado iko wapi? Si ulisema unaenda kumukamata, umurudishe huku?" Nikianza kujibu, padri anapita, au tramu inakuja, au Maman Justine anaingiza habari za magoti yake. Basi nimekaa mezani, naandika. Shule yangu ni ya masista, miaka michache tu, naandika kama ninavyosema. Mambo ya viza na tiketi yalinichosha mara moja, siyarudii.

Kwa wale wasiomjua Mado: ni mtoto wa binti yangu Kapinga, na nimemlea mimi, hapa Etterbeek, Brussels, kwenye fleti ile ile mnayokuja kunywa chai. Kisha baba yake, Ilunga, daktari wa wanyama, akapata kazi Amerika kwenye mashamba ya farasi ya Kentucky, wakamchukua. Mtoto yule alikuwa anasoma magazeti ya wakubwa wakati wenzake bado wanakula kalamu. Sisemi kwa kujisifu. Hapana, nasema kwa kujisifu.

Majani yalipoanza kuanguka Kapinga akapiga simu. "Maman, jirani wa ng'ambo ya barabara ametundika drapeau, bendera. Ile ya zamani, ya bantu benye walipigana vita juu ya kubakia na batumwa. Mado anapita pale kila asubuhi kungojea basi ya shule. Ameniuliza kama ile ni ya kwetu siye ao ya kutufukuza."

Mimi ni mtu wa Katanga, kule Kongo, marehemu mume wangu Tshibangu alikuwa Mkasai, mtu wa mkoa jirani wa Kasai, ingawa alizaliwa Likasi na reli ya Likasi ndiyo iliyokula mgongo wake. Bendera yetu ya Katanga, ile yenye misalaba ya shaba, niliichezea ngoma nikiwa msichana, nikaona hakuna kitambaa kizuri kama kile duniani. Baadaye, tukiwa wazee, ilitolewa tena masandukuni. Jirani tuliyekuwa tunaombana naye chumvi aliibeba begani siku aliyokuja kumwambia mume wangu arudi kwao. Kwao wapi? Tulilala stesheni juu ya magunia tukingoja treni, na Tshibangu alikufa Mwene-Ditu, mji asioujua, kabla hata hatujapata nyumba. Kwa hiyo mtu akiniambia kuna bendera mbele ya nyumba, siulizi rangi.

Nikamwambia Kapinga, "Minakuja kukamata mutoto." Alilia, hakubisha. Tiketi ya Mado ya kurudi ilikatwa pamoja na yangu, viti viwili vilivyopakana.

Gare du Nord mpaka Zaventem

Nilitoka na valizi moja ya nguo na moja ya chakula. Chakula kilikuwa kizito kuliko nguo: unga, sombe ya majani ya muhogo niliyoitwanga mwenyewe, makayabu, samaki wale wa chumvi, niliyofunga kwa plastiki na plastiki tena, chumvi yake isitoke. Kwenye treni watu walivuta pua na kuangalia dirisha. Nami nikaangalia dirisha.

Mnaijua ile njia. Kondakta akitoka stesheni ya Gare du Nord anaongea Kifaransa na Kiflamand. Ukienda kidogo tu, ukiingia kwa Waflamand, anakisahau Kifaransa kama kofia. Nilimuuliza kama treni inasimama uwanja wa ndege. Akanijibu kwa Kiflamand, pole pole, akinitazama machoni. Aliyaelewa maneno yangu yote, yule. Nyuma yake, nje, kwenye bustani ya mtu, kulikuwa na kitambaa cha njano chenye simba mweusi juu ya mlingoti, bendera ya Waflamand. Nimekipita mara ngapi? Siku ile ndipo nilipokitazama. Nikajiuliza mwenye bustani ile anataka nani ahame.

Ndege ilichelewa. Wengine walilala kwenye viti, mimi siwezi. Nilitembea kutoka duka la chokoleti mpaka choo, kutoka choo mpaka duka, hata binti muuzaji akaniuliza, "Maman, umepoteza mtu?" Nikamwambia bado.

New York na mbwa wa serikali

Kule mtu wa kwanza kunipokea alikuwa mbwa. Mdogo, masikio marefu, amevaa koti kama karani. Akakaa mbele ya valizi yangu akakataa kuondoka. Kijana wa forodha akaifungua, akafungua plastiki ya kwanza, ya pili, kisha akarudi nyuma hatua kadhaa. Nikamweleza kwa Kifaransa ni samaki. Nikamweleza kwa Kiswahili, labda kitasaidia. Alitupa sombe na akaacha makayabu. Nawauliza, serikali gani inaogopa majani na kumsamehe samaki yule?

Nje theluji ilikuwa inaanguka kama mtu anapepeta unga. Ndege ya kwenda Kentucky ikafutwa. Watu wa kampuni wakasema tungoje mpaka anga itulie, au anayetaka apande basi. Kungoja! Kungoja kwa maisha yangu yote yaliyobaki nilishakumaliza stesheni kule Likasi. Nikapanda basi.

Basi la kwenda kusini

Nilikuwa na kikaratasi chenye jina la mji wa Kapinga, nikakionyesha kila mtu aliyevaa kofia. Mungu akanipa mama mmoja wa Haiti, Madame Yolande, mnene kuliko mimi, anayekwenda kumtazama dada yake mgonjwa. Aliposikia Kifaransa changu alihamisha mifuko yake yote akaja kukaa nami.

Tulisimama kila mahali. Basi lile lilikuwa linasimama kama ng'ombe, likiona majani tu. Kwenye kituo kimoja walituuzia maharagwe. Nilikuwa na njaa, nikaweka kijiko kinywani, nikakitoa.

"Yametiwa sukari," nikamwambia Yolande.

"Ndivyo wanavyopenda."

"Maharagwe?"

"Kula, dada. Utayaona mengine."

Nikatoa makayabu na mkate wangu. Dereva akasimamisha basi, akatembea mpaka nyuma, akanusa, akaongea maneno marefu. Yolande akatafsiri kwa mafupi: "Funga, au sote tutembee kwa miguu." Nikafunga. Kijana mmoja mweusi wa kiti cha mbele alicheka mpaka akatokwa machozi, akanipa chungwa.

Tulivuka mto mkubwa, wa kijivu, daraja refu la vyuma. Yolande akaniambia tumeingia Kentucky. Akasema zamani watumwa waliutafuta mto huu kwa miguu, usiku, waende ule upande tuliotoka. Na sasa sisi tunauvuka kuelekea huku kwa tiketi. Nikamuuliza habari za bendera.

"Ni nyekundu, na msalaba wa buluu umelala pembeni, umejaa nyota," akasema. "Lakini sikiliza kichekesho, dada. Huku Kentucky hawakujitenga na wale wa kusini katika vita ile. Walikuwa mpakani, ndugu na ndugu, huyu huku yule kule, na waliokwenda upande wa serikali ndio wengi. Na leo wajukuu wao wanaining'iniza."

"Kwa nini?"

"Waulize wewe."

Hakumaliza vizuri, gari la wazi nyuma likatupita, kubwa, la matope, na ile bendera imefungwa nyuma inapiga makofi. Vijana ndani walipiga honi. Labda walitusalimu, labda la. Mmoja alitutazama, mimi na Yolande, akapiga kelele neno ambalo Yolande alikataa kunitafsiria. Yule kijana wa chungwa aliacha kucheka. Nilishika mfuko wenye tiketi ya Mado nikaona basi linakwenda pole pole mno.

Kwa Kapinga

Ilunga alinipokea na gari la kazini lenye harufu ya farasi. Nyumba yao iko kwenye barabara ya mashamba, nyumba chache tu, kila moja na ukumbi wa mbao mbele. Mado alikuwa dirishani. Amerefuka. Ameota meno makubwa mbele na anaongea Kiswahili kama mtu anayetafuna mkate wa moto, lakini anaongea! Akanirukia: "Kaku! Kaku!" Kwa Kiluba ndiyo bibi, baba yake ndiye aliyemfundisha.

Nilimkumbatia huku macho yangu yako ng'ambo ya barabara. Bendera iko pale. Kubwa, imechakaa pembeni, kwenye nguzo ya ukumbi. Chini yake viti viwili vya kutikisika na mbwa amelala.

"Wanakufanyia kintu?" nikamuuliza Kapinga.

"Hapana, Maman. Ule bwana anainua mukono tu tukipita. Anaitwa Wayne. Iko na mama yake muzee. Njo vile. Hatujuane."

"Mwaka muzima munaangaliana, hamujuane?"

"Maman, na ile drapeau, nitaenda kusema nini?"

Hapo nikaona jambo lingine. Kwenye mlango wa nyumba ile kulikuwa na shada la majani mabichi, duara, lenye utepe. Hapa kwetu Etterbeek shada la namna ile nimeliona juu ya gari la maiti na juu ya kaburi, basi. Nikaangalia nyumba ya pili: shada. Nyumba ya tatu: shada. Nikasema moyoni, kuna ugonjwa gani kwenye barabara hii? Nilitaka kuuliza lakini Kapinga alikuwa anakimbilia kazini.

Siku iliyofuata mchana Kapinga na Ilunga wako kazini, shule imefungwa kwa ajili ya Noeli, nipo na Mado peke yetu. Natembea chumbani, napanga nguo za mtoto kwenye valizi, nazipangua, naenda dirishani. Magari yakaanza kufika kwenye nyumba yenye bendera. Moja, lingine, lingine. Watu wanashuka wamevaa nguo za heshima, wanawake wamebeba masufuria yaliyofunikwa. Mmoja anamshika mwenzake kiuno. Wanaingia, hawatoki.

Wamama, ninyi niambieni. Shada mlangoni, magari, chakula kinabebwa kimefunikwa. Mngefikiri nini?

Kwetu nyumba ya jirani ikifiwa, hata kama jana mlitukanana, unakwenda. Unalia, unakaa chini, unaacha ulicholeta, unarudi kugombana baada ya maziko. Usipokwenda watu watasema wewe ndiye uliyemla. Hata yule jirani wa Likasi, aliyebeba bendera begani, mke wake alikuja stesheni gizani akatuletea maji. Alifunika uso, lakini alikuja. Nami nikae nyuma ya pazia?

Nikakaanga mikate, ile ya duara, sufuria ikajaa. Nikafunga kitenge changu cha msiba, kichwa na kiuno.

"Mado, vaa koti. Tunakwenda kwenye matanga."

"Kwa Wayne? Kaku, Mama alisema..."

"Mama yako nilimuzaa miye."

Ng'ambo ya barabara

Ile barabara ni fupi, lakini tuliivuka pole pole, sufuria kifuani. Mbwa aliamka, akalala tena. Bendera ilikuwa juu ya kichwa changu kabisa. Nilinusa vumbi lake. Nikafungua mlango bila kubisha, kama inavyotakiwa kwenye msiba, nikainua sauti.

Mnanijua. Sauti yangu ya kilio imewatoa watu nyumbani, kutoka mtaa wa Matonge mpaka Flagey. Nilianza juu kabisa: "Yooo! Mama yooo! Metuacha! Metuacha!" Nikasogea katikati ya chumba, nikapiga magoti na sufuria yangu, nikalia kwa haki. Na machozi yalikuja ya kweli, sijui ya nani, labda ya Tshibangu, ambaye Mwene-Ditu alililiwa na watu watatu tu.

Kilio kilipopungua nikainua macho. Kulikuwa na mti wa Noeli. Chini yake mafurushi yenye karatasi za kung'aa. Watu wote wamesimama ukutani, midomo wazi, mmoja ameshika paja la kuku hewani. Mtu mrefu mwenye ndevu akamsemesha Mado kwa sauti ya chini.

"Kaku," Mado akaninong'oneza, "Wayne anauliza nani amekufa."

"Mwambie, si wao njo wanajua? Tumeona shada mlangoni."

Mado akatafsiri. Kisha pembeni, kwenye kiti chenye mito, kikongwe kimoja chenye nywele nyeupe kama pamba kikasema neno, na chumba chote kikapasuka kwa kicheko.

"Anasema nini?"

"Anasema: 'Si mimi. Bado.' Kaku, ile shada ni ya Noeli. Kila mtu anaiweka."

Ningeweza kufa pale pale, wapate maiti yao. Lakini kikongwe kile, mama yake Wayne, jina lake Opal, kilinyosha mkono, kikasema nikae karibu naye. Mado akatafsiri: "Anasema hajawahi kuliliwa vizuri hivi, na siku yake ikifika, anaomba urudi." Wakafungua sufuria. Wakala mikate yangu, wakaramba vidole. Wakanipa mkate wao wa mahindi, wa njano, umelowa siagi. Unga ni ule ule wa bukari, ugali wetu, wameutendea tu mambo mengine.

Mimi nilikaa na swali linaniwasha kama upupu. Nikamtazama Wayne. "Mado, muulize ile drapeau ni ya nini."

Mado akanitazama. Kisha akajinyoosha, akauliza. Hakunong'ona. Watu waliacha kutafuna.

Wayne akawa mwekundu, akaongea akiangalia buti zake. Mado akaleta neno baada ya neno: "Anasema haina ubaya. Anasema ni ya kwao, ya watu wa mashamba. Watu wa mijini wanawacheka jinsi wanavyoongea, viwanda vimefungwa, tumbaku hainunuliwi. Akiitundika, anajisikia kuwa mtu wa mahali fulani. Ni ya mababu zake."

Kikongwe kikagonga fimbo chini. Mado karibu acheke akitafsiri: "Bibi Opal anasema, 'Babu zako gani? Babu wa baba yako alivaa koti la buluu la jeshi la serikali, alipigana na wenye kitambaa hicho, wakamchukua mguu. Wewe umekinunua kwenye kituo cha petroli.'"

Wengine wakacheka. Wayne hakucheka. Nami sikucheka, kwa sababu nilimwelewa. Kujisikia mtu wa mahali fulani, nani asiyetaka? Nikasema, "Mado, tafsiri yote, usiruke kitu. Mwambie na mimi nina bendera yangu, nzuri. Niliipenda. Halafu jirani yangu akaja nayo kumfukuza mume wangu. Hakuwa mtu mbaya. Siku moja kabla ya hapo alituambia hakuna atakayetugusa. Sikuulizi moyoni mwako kuna nini, Wayne. Nakuuliza, mtoto huyu akipita chini ya kitambaa chako asubuhi, afikiri nini?"

Sauti ya Mado ilitetemeka mahali pamoja tu, penye kufukuza. Wayne alipojibu, hakunijibu mimi, alimjibu Mado.

"Anasema hakujua kwamba ninaitazama," Mado akasema.

"Basi?"

"Basi, Kaku. Hakusema kingine."

Tuliondoka na sahani ya Opal, imejaa mkate wa mahindi, imefunikwa kwa kitambaa cha jikoni. Ukumbini nilitazama juu. Iko pale pale. Mado naye alitazama, kisha akauliza kitu wakati tunavuka: "Kaku, kule Likasi, walikuja kukuambia utoke?"

"Walikuja mlangoni."

"Mimi hawajaja mlangoni. Wewe ndiye umekuja."

Kurudi

Usiku ule Mado alimsimulia mama yake yote. Kapinga alipiga kelele za kutosha kwa ajili ya wote, kisha akacheka mpaka akalala sakafuni. Mimi nilikuwa naangalia valizi ya Mado karibu na mlango. Nguo zake zimekunjwa vizuri, kama zile nilizokunja Likasi.

Sikutulia mpaka siku ya safari. Mara nasema anakwenda, mara nasema anabaki. Asubuhi ile Mado alikuja jikoni amevaa koti, na sahani ya Opal mkononi, imeoshwa.

"Haiwezi kurudi tupu," akasema. Hayo nilimfundisha mimi, Etterbeek, akiwa hajui hata kufunga viatu. "Nifundishe mikate, Kaku. Kisha nitawapelekea. Leo siwezi kwenda, sahani ya watu iko kwangu."

Nilimtazama. Tukakaanga pamoja, mimi nimeshavaa viatu vya safari, Ilunga anapiga honi nje. Nilimwona kutoka dirishani anavuka barabara na sahani yake, kichwa juu, akapita chini ya kitambaa, akabisha. Yeye anabisha. Wayne akafungua, akainama kuipokea.

Nguo zake nilizitoa kwenye valizi mwenyewe.

Kwenye ndege kile kiti cha pembeni yangu kilibaki wazi. Nilikiwekea koti langu, nikalitoa, nikalirudisha. Muhudumu aliuliza kama kuna mtu. Nikamwambia kuna mtu, lakini hayupo.

Ndiyo hivyo, wamama. Msiniulize kama nilifanya vizuri, maana sijui, na nikipika mchana nasimama na mwiko hewani nikifikiri barabara ile. Kila Jumapili baada ya misa nampigia.

"Mado, kitambaa kiko?"

"Kiko, Kaku."

"Na wewe?"

"Na miye niko."